Ndege Nyuki, Jua Kali na Baridi Kali

Siku hizi si ajabu kwenye arusi, Kipaimara au jubilei ya parokia kusikia mvumo juu ya vichwa, na watoto wote wakatazama angani wakinyoosha vidole. Ni ndege nyuki, ambayo wengine huiita droni, ikipiga picha. Chombo hiki kina faida. Nchini Rwanda, mwaka 2016, ndege za namna hii zilianza kupeleka damu hospitalini. Lakini kijana anayeirusha asipojua tabia ya joto na baridi, anaweza kujiumiza na kuwaumiza walio chini yake. Ndiyo maana tunaizungumzia katika ukurasa huu wa afya.

Moyo wa ndege nyuki ni betri yake ya lithiamu. Ndege nyingi ndogo zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40 za Sentigredi. Kila moja ina kitabu chake cha maelezo, kisomwe kwanza.

Wakati wa joto

Betri ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Jua la mchana likiongezeka juu yake, joto hupita kiasi. Betri inaweza kuvimba, na mara nyingine kushika moto na kutoa moshi wenye sumu. Tena, hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mapanga ya ndege hufanya kazi zaidi na chaji huisha upesi. Hatari kubwa ni kuiacha betri ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa humo joto linaweza kupita nyuzi 60.

Wakati wa baridi

Katika maeneo kama Makete na Njombe, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Baridi huipunguzia betri nguvu. Rimoti inaweza kuonyesha kuwa chaji bado ipo, kumbe nguvu inashuka ghafla, na ndege ikaanguka. Hata kama uzito wake haufiki kilo moja, ikianguka kutoka mita 30 inaweza kumpasua mtu kichwa.

Mambo ya kuzingatia

1. Usirushe ndege juu ya watu, hata ukiombwa na wenye sherehe. Pata kwanza kibali kinachotakiwa na mamlaka ya usafiri wa anga.

2. Penye joto, rusha asubuhi au jioni, kwa muda mfupi. Weka betri kivulini.

3. Penye baridi, tunza betri mfukoni karibu na mwili. Ukisharusha, iache ndege ielee chini chini kwa dakika moja hivi ipate joto, ndipo uipandishe. Iteremshe mapema kabla chaji haijapungua sana.

4. Usichaji betri ikiwa bado ya moto kutokana na kazi, wala ikiwa ya baridi sana. Usiichaji usiku watu wakiwa wamelala.

5. Betri iliyovimba isitumike tena, isitobolewe, wala isitupwe jalalani watoto wanakochezea.

6. Mrushaji naye ni binadamu. Juani avae kofia na anywe maji. Akisikia kizunguzungu ateremshe ndege na kupumzika kivulini. Kwenye baridi avae glovu nyepesi, maana vidole vikifa ganzi haviongozi rimoti vizuri.

Ajali ikitokea

Betri ikianza kutoa moshi, usiibebe. Waondoe watu, msivute moshi huo, na waiteni Zimamoto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali. Kisha apelekwe zahanati. Aliyeangukiwa kichwani akazirai, akatapika au akasinzia isivyo kawaida, awahishwe hospitali bila kungoja kesho.

Wazazi, mkimkuta kijana wenu akichaji betri hizo chini ya kitanda, msimgombeze tu. Kaeni naye, msome pamoja maelezo haya. Picha ya arusi inaweza kupigwa tena kesho yake hata kwa kamera ya kawaida, lakini jicho la mtoto likipotea halirudi.