MBU ANAHITAJI SIKU KUMI. TUSIMPE!



Tunapopita nyumba kwa nyumba, swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mbona mimi nalala ndani ya chandarua na bado napata malaria?" Wengine huongeza: "Afadhali nikiuze ninunue sabuni." Swali hili ni la haki. Jibu lake limo katika hesabu ambayo wataalamu wamekuwa wakiifanya kwa zaidi ya miaka 100.

Mbu hazaliwi na malaria

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Baadaye alitumia hisabati kuonyesha kwamba si lazima kuua mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria haiwezi kuendelea.

Mbu anayeeneza malaria ni jike wa aina ya anofelesi. Yeye huchukua vimelea kwa mgonjwa. Vimelea hivyo huhitaji siku 10 au zaidi kukua ndani yake na kufika kwenye mate. Kabla ya hapo akikuuma utawashwa tu, hakuambukizi. Kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyeishi siku nyingi.

Tufanye hesabu pamoja

Katika miaka ya 1950, mtaalamu George Macdonald alionyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu kunapunguza malaria kuliko kupunguza idadi yao tu. Chukua mbu 100 walionyonya damu ya mgonjwa:

- Wakifa 10 katika kila 100 kwa siku, baada ya siku 10 watabaki kama 35.
- Wakifa 20 katika kila 100 kwa siku, watabaki kama 11.
- Wakifa 30 katika kila 100 kwa siku, watabaki 3 tu.

Umeona? Vifo vya kila siku vimeongezeka mara tatu, lakini mbu wa hatari wamepungua zaidi ya mara kumi.

Chandarua cha jirani ni chako pia

Mbu jike hutafuta damu kila baada ya siku mbili au tatu. Kabla hajaweza kuambukiza, atakuwa ameingia kwenye nyumba za watu mara tatu au nne. Kila anapogusa chandarua chenye dawa, anaweza kufa. Kama ni nyumba yako peke yake yenye chandarua, atapita kwa jirani, atashiba na kuishi. Kisha jioni atamuuma mwanao akiwa bado nje karibu na jiko. Ndiyo maana mtu anaweza kulala ndani ya chandarua na bado akaugua. Mtaa mzima ukitumia vyandarua, hata mtoto aliyekosa chandarua anapata kinga kiasi.

Kwa hiyo anayeuza chandarua chake, au kuzungushia bustani, anapunguza kinga ya mtaa wote.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2015 wataalamu walichapisha hesabu ya Afrika kuanzia mwaka 2000. Walikadiria kwamba kinga mbalimbali zilizuia wagonjwa milioni 663 wa malaria. Asilimia 68 ya kinga hiyo ilitokana na vyandarua vyenye dawa.

Ni kweli kwamba sehemu nyingi mbu wamekuwa sugu kwa dawa ya zamani. Utafiti uliofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, Tanzania, ulichapishwa mwaka 2022. Ulilinganisha vyandarua vya dawa ya kawaida na vile vilivyoongezwa dawa ya pili iitwayo klorofenapiri. Kwa miaka miwili, malaria kwa watoto ilikuwa chini kwa asilimia 44 pale palipotumika vyandarua vya dawa mbili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza.

Tufanye nini?

1. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Watoto wadogo na akina mama wajawazito wapewe nafasi ya kwanza.
2. Chomeka chandarua chini ya mkeka au godoro. Kikitoboka, kishone siku hiyo hiyo.
3. Kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Jua kali huharibu dawa. Usikifulie mtoni, dawa yake huua samaki.
4. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati apimwe kabla ya saa 24 kupita. Mgonjwa akitibiwa mapema na kumaliza dawa zote, mbu hakuti vimelea vya kubeba.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako. Na leo jioni, kabla ya kulala, muulize jirani yako: "Chandarua umeshakitundika?"