Wasafishaji wa Picha na Mgomo wa Grunwick

Kabla ya simu kuanza kupiga picha, kila aliyetaka picha ya harusi alipeleka filamu studio akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Ni wachache waliouliza nani yuko nyuma ya lile pazia jeusi. Hapa tunaeleza kazi yake, na jinsi wafanyakazi wa kazi hiyo, wengi wao waliotoka kwetu Afrika Mashariki, walivyogoma huko London kwa karibu miaka miwili.

Filamu isiyosafishwa haitakiwi kuona mwanga. Msafishaji huifungua gizani kwa kupapasa, kisha huipitisha katika dawa. Ya kwanza huitokeza picha, ya pili huizuia isizidi, ya tatu huikaza ili mwanga usiiharibu tena; ndipo huoshwa kwa maji mengi na kukaushwa. Filamu ya rangi ina taratibu zake, nayo haina huruma: dawa ya kwanza iwe na joto la nyuzi 37.8, na filamu ikae humo dakika 3 na sekunde 15. Ikikosewa, rangi hupotoka, na harusi ya watu hairudiwi. Baadaye filamu humulikwa juu ya karatasi maalum, na karatasi nayo hupitishwa katika dawa.

Dawa hizo zina madhara. Ya kwanza huwasha ngozi, na mikono ikishaikataa, hata kiasi kidogo huleta vipele. Ya pili ni asidi ile iliyomo katika siki. Ya tatu huweza kutoa hewa ya salfa inayokereketa kifua, na mwenye pumu huumia zaidi. Wenzetu wanaonyunyizia dawa mashambani hawahitaji kuelezwa zaidi. Kinachotakiwa ni koleo, glovu na feni ya kutoa hewa nje. Katika dawa ya tatu hubaki madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu, ambayo wenye viwanda huyakusanya na kuyauza. Mwajiri asiyesahau fedha hiyo hana sababu ya kusahau glovu.

Grunwick kilikuwa kiwanda cha picha kaskazini-magharibi ya London. Wateja walituma filamu kwa posta, na picha zikarudi kwa posta. Wafanyakazi wengi walikuwa akina mama wa asili ya Kihindi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mshahara ulikuwa kama pauni 28 kwa wiki, wakati wastani wa nchi ulikuwa pauni 72. Kwenda chooni kuliombewa ruhusa. Saa za ziada zilikuwa za lazima, tena uliweza kuambiwa ukiwa tayari unafunga mkoba.

Tarehe 20 Agosti 1976 kijana mmoja aliachishwa kazi kwa madai kwamba anakwenda polepole. Jioni hiyo Bi. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza, aliamriwa abaki kwa saa za ziada. Alikataa, akatoka pamoja na mwanawe. Wagomaji walifikia 137, wakajiunga na chama cha APEX, wakadai kitambuliwe. Mwajiri, George Ward, aliwafukuza wote.

Kusafisha picha kuliendelea ndani kwa mikono ya waliobaki. Lakini kiwanda kile kiliishi kwa bahasha, na hapo ndipo nguvu ya mgomo ilipokuwa. Mwezi Novemba 1976 wafanyakazi wa posta walikataa kushughulikia barua zake, wakaacha baada ya siku chache, huku kesi ikiwanyemelea. Juni 1977 wale wa Cricklewood walikataa tena, ingawa sheria iliharamisha kuchelewesha barua. Mifuko ya picha ikarundikana, hadi wafuasi wa mwajiri walipoitoa usiku kwa magari na kuzitumbukiza bahasha katika masanduku ya posta sehemu mbalimbali za nchi. Tarehe 11 Julai watu wapatao 20,000, wakiwemo wachimbaji wa makaa ya mawe, walikusanyika kuwaunga mkono wagomaji. Mwisho wa mwezi watu wa posta walirudi kazini kwa kushinikizwa na chama chao wenyewe, na bahasha zikaanza kupita.

Tume ya Jaji Scarman ilipendekeza wagomaji warudishwe kazini, Ward alikataa. Novemba 1977 Bi. Desai na wenzake walifunga kula mbele ya makao makuu ya shirikisho la vyama, TUC, na APEX ikawasimamisha uanachama kwa kitendo hicho. Desemba mahakama ya juu kabisa ilimpa Ward ushindi.

Mgomo ulifungwa tarehe 14 Julai 1978. Hakuna mgomaji aliyerudishwa. Waliobaki ndani walikuwa wameongezwa mshahara tangu mgomo ulipoanza.