Mapafu Yetu na Hesabu Zake Tatu

Wakati wa kiangazi, kabla jua halijapanda juu ya mto Lualaba, mtu apitaye katika mitaa ya Kongolo husikia sauti mbili: mchi katika kinu, na kikohozi. Ni kikohozi cha mzee aotaye moto uani, cha mtoto aliyebebwa mgongoni huku mama yake ameinama juu ya mafiga, cha mwanafunzi aelekeaye shuleni. Tumekizoea hata hatukisikii tena. Twasema, «Ni vumbi tu, kitakwisha mvua zikinyesha.» Mara nyingi hukwisha kweli. Lakini kipo kikohozi kisichokwisha, na upo ugonjwa wa kifua uuao mtoto kwa siku chache. Je, twaweza kuutambua mapema? Naam, twaweza, na chombo tuhitajicho ni kuhesabu. Lakini kwanza yafaa tujue mapafu ni kitu gani na kazi yao ni nini.

Hewa yapita wapi?

Mapafu ni mawili, nayo yamelindwa na mbavu kama mji uliozungushiwa boma. La kuume lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili tu, kwa kuwa upande ule limeupisha moyo. Hewa huingia kwa njia ya pua. Pua si tundu tu: ndimo hewa hupashwa moto, hutiwa unyevu, na kuchujwa vumbi kwa vinyweleo na ute. Kisha hushuka katika bomba la pumzi, lile gumu tuwezalo kulipapasa shingoni. Bomba hilo lagawanyika mara mbili, kila tawi likaingia katika pafu lake, na humo matawi yagawanyika tena na tena, kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Mwisho wa vitawi hakuna majani, bali vifuko vidogo mno vya hewa. Idadi yao ni mamia ya mamilioni. Kama vingeweza kukunjuliwa na kutandazwa, vingefunika sakafu ya darasa zima.

Ukuta wa kifuko kimoja ni mwembamba kuliko karatasi, na nje yake hupita damu katika mishipa isiyofikia unene wa unywele. Hapo pana soko lisilofungwa usiku wala mchana: hewa huipa damu oksijeni, na damu hutoa hewa chafu ya mwili. Hewa tuivutayo ina sehemu 21 za oksijeni katika kila 100. Ile tuitoayo ina sehemu kama 16 tu.

Mapafu hayana nguvu ya kujipanua yenyewe. Fikirini mivukuto ya mhunzi: akiipanua, hewa huingia; akiibana, hutoka. Chini ya mapafu umelazwa msuli mpana uitwao kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Vikilegea, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila mara kama nusu lita. Wanafunzi na wafanye hesabu: pumzi 15 kwa dakika ni pumzi 21,600 kwa siku, yaani hewa ipitayo lita 10,000. Ni kama kujaza na kumwaga mapipa 50 ya mawese, yale makubwa ya lita 200. Basi kila tukitiacho katika hewa ya nyumba yetu chapita vifuani mwetu.

Hesabu ya kwanza: dakika moja

Nimonia ni ugonjwa wa vifuko vya hewa. Vijidudu huingia, na vifuko hujaa maji na usaha badala ya hewa. Mtoto mchanga hawezi kusema, «Mama, nakosa pumzi.» Mwili wake husema kwa njia nyingine: hupumua upesi, ili upate kwa wingi wa pumzi kile ukosacho kwa kila pumzi.

Basi mama, mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Tazama saa, au saa ya simu, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60 au kupita, ni hatari. Tangu miezi miwili hata kabla ya mwaka mmoja, hatari ni 50. Tangu mwaka mmoja hata kabla ya miaka mitano, ni 40. Tena utazame chini ya mbavu: kama pananywea ndani kila avutapo pumzi, au kama hawezi kunyonya, au amepatwa na degedege, usingoje kupambazuke. Mpeleke katika kituo cha afya saa ile ile.

Twajua kwamba wengine huanza kwa kumchanja mtoto kifuani na kumpaka dawa za majani, kisha hungoja siku tatu waone. Siku hizo tatu ndizo mara nyingi huamua kama mtoto ataishi. Nimonia iletwayo na bakteria huponywa kwa dawa isiyo ghali, ikiwa imeanzwa mapema. Na bora zaidi ni kuikinga: katika nchi yetu chanjo ya pneumokoki ilianza kutolewa mwaka 2011, na chanjo ya surua nayo hulinda mapafu, kwani nimonia humfuata mara nyingi mtoto aliyedhoofishwa na surua.

Hesabu ya pili: wiki mbili

Mafua hukohoza watu siku chache. Kikohozi kipitacho wiki mbili chataka kupimwa, hasa kikifuatana na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au makohozi yenye damu. Labda ni kifua kikuu. Kongo ni mojawapo ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani lazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huu.

Mtu akitema damu, watu hunong'ona, «Amelishwa sumu,» au «Amerogwa.» Ndugu huanza kutafuta adui, na fedha za matibabu huishia kwa waaguzi. La hasha! Adui huyo alikwisha kujulikana zamani. Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, daktari Robert Koch aliwaonyesha wenzake kijidudu cha kifua kikuu. Husafiri hewani, mgonjwa akohoapo, na huwapata zaidi wale wakaao naye siku nyingi katika chumba kisichopitisha hewa. Hakiambukizi kwa sahani wala kwa kijiko. Basi kumtenga mgonjwa na sinia la bukari na sombe ni kumwumiza bure. Kumfungulia dirisha ni kumsaidia yeye na nyumba nzima. Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1921 kule Paris, hukinga watoto wadogo na kifua kikuu kilicho kikali, lakini haimhakikishii mtu mzima usalama.

Sisi tufundishao tumewaona wanafunzi wakikaa darasani na kikohozi miezi miwili, kwa sababu nyumbani waliona haya. Haya hiyo haimfichi mgonjwa; humficha adui.

Hesabu ya tatu: miezi sita

Zamani dawa za kifua kikuu zilimezwa mwaka mmoja na nusu, na wengi walichoka njiani. Tangu mwaka 1970, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, madaktari na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyofanywa pamoja na wataalamu wa Uingereza, nayo yakathibitisha kwamba miezi sita yatosha, dawa zikiunganishwa vema. Huko Tanzania, tangu mwaka 1977, daktari Karel Styblo na wenzake wa pale walipanga kazi hivi kwamba kila mgonjwa aliandikwa daftarini na kufuatwa mpaka amalize. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza mpango huo kwa mataifa yote. Kwa hiyo mgonjwa wa Kongolo amezapo dawa zake, avuna walichopanda jirani zetu.

Kwa kawaida dawa ni nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, nazo hutolewa bila malipo. Mtego ni huu: baada ya wiki chache kikohozi hukoma, hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa hujiona mzima. Jirani yetu mmoja, mvuvi, alijiona mzima mwezi wa tatu, akaacha vidonge, akarudi mtoni. Kabla ya mwaka kwisha aliletwa amekonda kuliko mwanzo, na mtoto wake mdogo akikohoa pamoja naye. Wote wawili wamepona, lakini kwa taabu. Wengine hawapati bahati hiyo: vijidudu vilivyobaki hujifunza kuishinda dawa, na ugonjwa huwa mgumu sana kuponywa. Ndiyo maana twasema: kila mgonjwa apate mtu mmoja nyumbani wa kumwuliza kila asubuhi, «Umemeza?»

Moshi wa nyumbani

Si kila kikohozi huambukiza. Pumu ni kubanwa kwa vitawi vya pumzi. Haimwendei jirani, nayo ina dawa yake. Lakini moshi wa kuni, vumbi na tumbaku huichochea, na moshi huohuo huongeza nimonia kwa watoto. Hatuwezi wote kuacha kuni leo. Twaweza hata hivyo kupika mahali peupe au penye matundu mawili yaelekeanayo, kutumia kuni kavu, na kumweka mtoto mbali na mafiga. Na mbabula yenye makala isiingizwe kamwe chumbani usiku: hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Basi, wasomaji wapenzi, shikeni hesabu hizi: dakika moja kwa mtoto apumuaye upesi, wiki mbili kwa kikohozi kisichokoma, miezi sita kwa dawa. Nanyi wanafunzi, jioni ya leo ombeni saa, mhesabu pumzi za mdogo wenu aliyelala, mkaziandike daftarini. Siku atakapougua, mtajua zimezidi kiasi gani.