Gari la stima au la petroli: lipi linakula pesa zaidi?

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za mafuta, na swali ni lile lile: si afadhali ninunue gari la stima? Tulichukua kalkuleta. Jibu linategemea kilomita zako kuliko bei ya yadi.

Tuchukue magari mawili ya mtumba kutoka Japani, Toyota Vitz ya petroli na Nissan Leaf ya stima. Vitz ikienda kilomita 15 kwa lita, na lita iwe kama shilingi 180, kila kilomita inakula shilingi 12. Leaf inaenda kama kilomita 6 kwa uniti moja. Ukichaji nyumbani kwa tokeni za karibu shilingi 30 kwa uniti, hiyo ni shilingi 5. Umeokoa 7.

Sasa tuseme Leaf imezidi Vitz kwa shilingi 200,000. Mtu wa teksi anayepiga kilomita 3,000 kwa mwezi anaokoa 21,000, kwa hivyo kabla ya miezi 10 pesa yake imerudi. Anayetoka Ruiru kwenda tauni siku za kazi, kama kilomita 1,000 kwa mwezi, atangoja miezi 29. Na yule wa kanisani na sokoni pekee, kilomita 300? Karibu miaka 8. Huyo, kwa maoni yetu, abaki na Vitz yake.

Gereji nayo inapungua: hakuna oili ya injini, hakuna plagi. Tairi, shoki na bima ziko palepale.

Lakini kwa Leaf ya mtumba, kila kitu ni betri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na hata hivyo linalofika limeshachajiwa mara nyingi sana. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, na joto huichosha haraka. Watu wa Mombasa, hapo msikize vizuri. Kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji, kuna vijistari vidogo 12 vya afya ya betri. Usivichanganye na vile vya chaji, kwa sababu chaji inaweza kuwa imejaa na betri imechoka. Vikibaki 8, zaidi ya thuluthi ya uwezo imeenda, na ile hesabu yetu nzuri ya juu imeenda nayo. Mwambie muuzaji awashe gari uhesabu mwenyewe kabla ya kutuma deposit.

Kama unaishi kwenye ploti, ongea na keretaka kwanza. Bila soketi kwenye parking utachaji nje, ambako uniti moja inaweza kuwa ghali kuliko ya nyumbani, na zile shilingi 7 zinapungua.

Hujui kilomita zako? Fungua taarifa yako ya malipo ya miezi 3, jumlisha kila ulicholipa kwa till ya petroli, gawanya kwa 3, kisha gawanya kwa 12. Hizo ndizo kilomita zako za mwezi, kama gari lako linakunywa kama ile Vitz. Kama umekuwa ukijaza kwa keshi, anza kulipa kwa till kuanzia leo. Yadi itakungoja miezi 3.