Injini ndogo haisamehi fremu mbovu

KATIKA mbio za pikipiki, wengi wetu hutazama injini kwanza. Tunauliza ina cc ngapi, ina kasi gani na imetoka kiwanda gani. Nimefuatilia mbio hizi kwa miaka mingi, na naamini kwamba kwa pikipiki ndogo swali la kwanza linafaa kuwa jingine: ni nani aliyeunda fremu na magurudumu?

Ushahidi wangu ni ubingwa wa dunia wa cc 125 wa mwaka 1989. Taji hilo lilinyakuliwa na Àlex Crivillé wa Uhispania, akiwa kijana wa miaka 19. Waliomfuata, Hans Spaan wa Uholanzi na Ezio Gianola wa Italia, waliendesha pikipiki za Honda. Crivillé aliendesha JJ-Cobas, pikipiki ya karakana ndogo ya Barcelona. Injini yake ilitoka kwa Rotax, kampuni ya Austria. Ubunifu wa karakana hiyo ulikuwa katika kile kilichoizunguka injini.

Aliyeibuni alikuwa mhandisi Antonio Cobas, ambaye alifariki mwaka 2004. Kuanzia 1988 sheria zilitaka kila pikipiki ya cc 125 iwe na silinda moja tu. Hivyo tofauti ya nguvu baina ya injini bora ilikuwa ndogo, na aliyetaka kushinda alilazimika kuutafuta ushindi kwingine.

Kazi kubwa ya fremu ni kuhakikisha kwamba gurudumu la mbele na la nyuma yanabaki katika mstari mmoja, mwendeshaji akifunga breki, akilala kwenye kona au akipita juu ya matuta. Zamani fremu nyingi zilikuwa za mabomba ya chuma yaliyozunguka juu na chini ya injini. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na fremu ilijipinda kila mwendeshaji alipoingia kona kwa kasi.

Cobas alitafuta njia ya mkato kati ya sehemu mbili: shingo ya usukani, na pale unapofungwa mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Aliziunganisha kwa mihimili miwili mipana ya alumini, mmoja kila upande wa injini. Hakuwa peke yake, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yamaha nayo ilikuwa ikifuata njia kama hiyo. Lakini yeye hakuwa na kiwanda nyuma yake. Mwaka 1984 Sito Pons alishinda mbio za ubingwa wa dunia za cc 250 katika uwanja wa Jarama, Uhispania, akiwa juu ya pikipiki ya Cobas iliyoitwa Kobas.

Huenda msomaji akauliza: je, alumini si laini kuliko chuma? Ni kweli. Uzito wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, lakini ukakamavu wake pia ni kama theluthi moja. Anayeondoa bomba la chuma na kuweka la alumini la ukubwa ule ule hajafaidi chochote. Siri iko katika upana. Bomba jembamba likiongezwa kipenyo mara mbili bila kubadilisha unene wa ukuta wake, uzito huongezeka mara mbili, lakini ukakamavu huongezeka karibu mara nane. Ndiyo sababu mihimili ya alumini huwa minene kwa kutazamwa, ilhali ni mitupu ndani.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa rimu huipa injini kazi mbili: kuisukuma mbele na kuizungusha. Pikipiki inapoongeza kasi, kilo hiyo ni kama kilo mbili zilizowekwa kwenye kiti. Pikipiki ya MotoGP yenye nguvu za farasi zaidi ya 250 inaweza kulificha kosa hilo. Ile ya cc 125, iliyokuwa na uzito wa takriban kilo 70 na sehemu ndogo tu ya nguvu hizo, haikuweza.

Hadi miaka ya 1970 magurudumu mengi ya mbio yalikuwa ya spoki. Spoki haibebi mzigo kama nguzo. Hufanya kazi kwa kuvuta. Fundi huzikaza zote kwa mvutano unaolingana, kisha huzungusha gurudumu akitazama kama linayumba kando au kupanda na kushuka. Anapozigonga kwa spana, husikiliza: iliyolegea hutoa mlio mzito kuliko nyingine. Baadaye magurudumu ya magnesi yaliyomiminwa kwa kalibu yalichukua nafasi, kwani ni mepesi, hayahitaji kukazwa na, kwa kukosa matundu ya spoki, huruhusu tairi lisilo na tyubu.

Mbio za cc 125 zilifika kikomo mwaka 2011, na mwaka uliofuata zikaja za Moto3 zenye injini za cc 250. Mwanzoni karakana kama FTR, Suter na Kalex zilipata nafasi ya kutengeneza fremu. Baadaye KTM na Honda zikatawala. Naona hiyo ni hasara, kwa maana pikipiki ndogo ndiyo shule ambayo fundi asiye na mali nyingi angeweza kuimudu.

Nasema haya kwa sababu hata sisi tuna mafundi wa pikipiki ndogo. Anayefunga spoki za bodaboda chini ya mti, akitumia foki iliyopinduliwa kama kishikio, anatumia jicho na sikio kama fundi wa mbio. Pengo liko kwenye fremu. Ikipinda katika ajali, mara nyingi hunyooshwa kwa kukisia, kisha huchomelewa. Chuma kinapopoa baada ya kuchomelewa hujikunyata na kuivuta fremu kando. Karakana za mbio huzuia hilo kwa kuifunga fremu kwenye meza nzito ya chuma yenye vishikio kabla ya moto kuwashwa. Meza kama hiyo inaweza kutengenezwa hapa hapa Gikomba.

Kabla meza hiyo haijapatikana, kuna kamba. Zinyooshwe mbili kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, moja kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Nafasi kati ya kamba na tairi la mbele ikitofautiana pande zote mbili, magurudumu hayako katika mstari mmoja. Mwenye bodaboda ana haki ya kudai kamba hiyo ipitishwe kabla hajalipa na kabla hajabeba abiria.