Kidonge Kisichoacha Doa

Airsoft, mchezo wa kulengana kwa bunduki bandia zinazorusha vidonge vya plastiki, ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo sheria yake humbana sana raia anayetaka silaha halisi. Anayeucheza mara ya kwanza hudhani kazi kubwa ni shabaha. Naona sivyo, kazi kubwa ni ukweli. Kidonge kina kipenyo cha milimita 6, mara nyingi uzito wa gramu 0.2, wala hakina rangi ndani. Kikikugonga mgongoni hudunda na kupotelea majanini. Shati halina doa, na aliyefyatua yuko mbali, hana hakika. Ajuaye ni wewe, na ni wewe unayepaswa kupaza sauti, kuinua mkono na kutoka.

Wapo watakaosema penye ushindani watu watadanganya tu. Wadanganyifu wapo, sikatai, lakini asiyekubali kupigwa hukosa upesi wa kucheza naye. Hoja ya hatari ndiyo nzito zaidi. Tangu 2006 sheria ya Japani imeweka kikomo cha takriban jouli 0.98, na hata hapo kidonge cha gramu 0.2 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 99 kwa sekunde. Ngozi itapata alama nyekundu. Jicho laweza kupofuka. Kwa hiyo mgeni avae miwani ya kinga iliyoziba pande zote, na ikiingia ukungu wa jasho asithubutu kuivua pale pale. Atoke kwanza hadi eneo salama, achomoe magazini, ndipo aifute.