Mrija Umewekwa, Kifuko Bado Kipo

Mgonjwa aliyewekewa mrija ndani ya aota, mshipa mkuu wa damu, mara nyingi huenda nyumbani baada ya siku chache tu, akiwa na vidonda vidogo kwenye kinena. Ni rahisi kumwambia amepona. Lakini uvimbe uliomleta hospitali haujaondolewa, umezungukwa tu.

Aota ya tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ukuta wake ukidhoofika, hutuna, na kwa wanaume matibabu hushauriwa uvimbe ukifika sentimita 5.5, maana ukipasuka wengi hufa. Mwaka 1990, mjini Buenos Aires, daktari Juan Parodi alitibu uvimbe huo bila kupasua tumbo: mrija wa kitambaa wenye fremu ya chuma ulipenyezwa kupitia mshipa wa kinena, ukafunguliwa mahali pake, damu ikapita humo. Kifuko kilichotuna hubaki nje ya mrija, kikitarajiwa kukosa shinikizo na kusinyaa.

Kisiposinyaa, huenda damu imepata njia ya kukirudia. Ikipenya kwenye ncha za mrija, presha yote ya moyo huingia kifukoni, na hapo hakuna kusubiri. Ikirudi kupitia mishipa midogo ya kiunoni, jambo ambalo ndilo la kawaida zaidi, mara nyingi hukoma yenyewe.

Je, yanayokuja yanaweza kujulikana mapema? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na jibu limo katika picha ya skani iliyopigwa kabla ya upasuaji. Tazama shingo, yaani kipande cha aota kilicho kizima kati ya mishipa ya figo na uvimbe; hapo ndipo mrija hushika. Shingo iliyo chini ya milimita 15, iliyopinda zaidi ya digrii 60, inayopanuka kuelekea chini au iliyojaa damu iliyoganda haiushiki mrija vizuri. Wanawake huathirika zaidi: shingo zao mara nyingi ni fupi na mishipa ya nyonga ni myembamba, ilhali waliochunguzwa katika majaribio makubwa wengi wao ni wanaume.

Siku hizi programu za kompyuta hufunzwa kwa skani za wagonjwa waliotangulia ili zikadirie nani atavuja. Nazipokea kwa matumaini, ila programu iliyofunzwa kwa wagonjwa wa nchi moja lazima ijaribiwe upya kabla ya kuaminiwa kwingine. Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi ni mwenendo wa kifuko chenyewe katika mwaka wa kwanza. Kikisinyaa, mgonjwa yuko pazuri. Kikibaki vilevile, hata kama uvujaji hauonekani, asiachwe.

Utafiti wa Uingereza uitwao EVAR-1 unaonyesha kwa nini. Ndani ya siku 30, waliowekewa mrija waliofariki walikuwa asilimia 1.7, dhidi ya 4.7 ya waliopasuliwa tumbo. Wagonjwa walipofuatiliwa hadi miaka 15, faida ile ilitoweka, na baada ya mwaka wa 8 waliowekewa mrija ndio waliofariki zaidi, baadhi yao kwa kupasuka kifuko kilekile kilichoachwa. Kwa hiyo tarehe ya skani ijayo iandikwe kabla mgonjwa hajatoka wodini, na asipofika, hospitali imtafute.